Sekunde Mbili

Video niliyoituma ina sekunde 45. Ile iliyobaki kwenye simu yangu ina 47. Nimeshindwa kuifuta, na mpaka leo hakuna mtu niliyemwonyesha.

Niliipiga nikiwa nimekaa mbele, kushoto kwa dereva, ndani ya Toyota Altezza ya rangi ya fedha, tukiteremka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay. Dereva alikuwa mdogo wangu. Ni mtoto wa mama mdogo, lakini nyumbani kwetu hakuna anayemwita binamu. Ni mdogo wangu, mimi ni dada yake, basi. Gari hilo alilinunua msimu ambao kahawa ilikuwa na bei. Wenzake walipaua nyumba au waliongeza mashamba. Yeye alipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, na siku chache baadaye akarudi anaendesha. Mjomba alilizunguka mara mbili, akainama kutazama uvungu, akauliza kama litafika shambani. Sote tulijua halifiki. Njia ya shambani kwetu hata pikipiki huipita kwa kuomba radhi.

Gari lenyewe nalipenda, na ni vizuri niseme hivyo mapema. Altezza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1998, ikatwaa tuzo ya gari la mwaka la huko kwa msimu wa 1998–1999, na ikaacha kutengenezwa 2005. Nje ya Japani ilijulikana kama Lexus IS. Ni gari la milango minne ambalo baba anaweza kuwapeleka watoto kanisani, ila linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na toleo la RS200 lenye gia sita za mkono lina injini ya lita mbili inayotoa nguvu farasi 210 bila turbo. Dashibodi yake imechorwa kama saa ya mkononi ya bei mbaya: duara kubwa la kasi, na viduara vingine vidogo ndani yake. Taa za nyuma ziliigwa na mafundi wa kila mahali, kiasi kwamba katika nchi nyingine "Altezza" likawa jina la aina ya taa. Huku kwetu likawa jina la aina ya kijana. Ukisikia mtu akisema "yule wa Altezza", umeshaijua kofia yake, muziki wake, na jinsi mshale wa mafuta unavyolala chini.

Lakini hakuna anayenunua injini peke yake. Nyuma ya Altezza kuna gari dogo la zamani, Toyota AE86, lililotengenezwa kati ya 1983 na 1987: jepesi, linasukumwa kwa nyuma, na bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wa kijana. Ndilo lililopendwa na madereva waliokimbizana usiku kwenye kona za milimani, njia ambazo Wajapani huziita touge. Keiichi Tsuchiya, aliyekuja kuitwa mfalme wa drifti, alijifunzia huko. Mwaka 1995 Shuichi Shigeno akaanza kuchora Initial D, hadithi ya mwanafunzi anayepeleka tofu alfajiri kwa AE86 ya baba yake, ndani ya gari kukiwa na kikombe cha maji ambacho hakitakiwi kumwagika. Kwa kukilinda kikombe hicho kila siku, kijana akawa dereva asiyeshindika, tena bila kujua.

Mdogo wangu aliitazama hadithi hiyo kwenye simu kwa mwaka mzima kabla ya kununua gari. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa banda la video pale Mbinga mjini, benchi za mbao na mapazia meusi, akitazama The Fast and the Furious ya 2001 na Tokyo Drift ya 2006 huku sauti ya mtafsiri ikimfunika Vin Diesel na kumpa maneno ambayo hakuyasema. Mvuvi mzee anayewacheka vijana ndani ya Tokyo Drift ni Tsuchiya mwenyewe. Hilo nililijua siku ile, tukiwa kona ya tatu.

"Dada, yule alipeleka tofu, mimi napeleka mbasa," aliniambia. Ni kweli. Alikuwa akinunua samaki Mbamba Bay, anawapanga na barafu ndani ya buti, anapandisha Mbinga. Kikombe cha maji hakikuwepo.

Barabara yenyewe ni ya kilomita 66. Nilipokuwa mtoto, safari hiyo ilikuwa ya Land Rover au lori, na masika ilikuwa ya maombi. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Mbinga iko mamia ya mita juu ya ziwa. Tofauti yote hiyo barabara inaimaliza kwa kona. Lami ilipofika tulishangilia, na tulikuwa na haki. Mama mjamzito hakubebwa tena kwenye machela. Lakini lami ya kwetu si njia ya magari tu. Watoto wa shule wanapita humo humo, mbuzi wanalala humo kwa sababu ina joto, watu wanaanika muhogo pembeni. Ukitaka kumjua mgeni, mtazame anavyoshangaa muhogo huo. Sisi tunaukwepa kwa gurudumu moja kama tunavyokwepa mkeka wa mtu.

Sekunde ya 12 ya video, sauti inayosikika ni yangu. Nasema, "Ongeza, ongeza."

Sekunde ya 31 kona inafunguka, na yupo bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake kuna mtoto wa miaka sita hivi, ameshika pindo la khanga yake. Wako upande wetu. Gari linahamia kulia, upande usio wetu, mahali ambapo huoni kinachopanda. Hakikupanda kitu. Kuni zinaanguka. Sekunde ya 33 barabara ni tupu tena, na mtu anacheka. Ni mimi.

Hatukusimama. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona mtoto ameinama anaokota kuni.

Mbamba Bay tulikula mbasa na ugali wa muhogo, na mdogo wangu akawasimulia vijana wa samaki. Katika masimulizi yake nafasi iliyokuwa ya mita moja ikawa ya kiganja. Nikacheka mara ya pili. Usiku, kwenye chumba cha gesti, nikaikata video kwa kidole gumba. Sikufikiri sana. Zile sekunde mbili zilikuwa zinaharibu mtiririko. Wimbo niliouweka haukuenda nazo. Nikazitoa, nikaunganisha, na barabara ikawa safi kutoka mwanzo hadi mwisho, kona na ziwa na jua. Kufikia asubuhi watu 143 walikuwa wameitazama. Mmoja tuliyesoma naye chuo aliandika: Tokyo Drift ya Nyasa.

Niliporudi kazini ndipo nilipoanza kusumbuka. Nilimpigia simu. Akanijibu kwa swali ambalo ndilo limenifanya niandike: "Sasa dada, kuna mtu alikufa?"

Hakuna. Kama hakuna aliyekufa wala kuumia, kosa ni lipi?

Lugha yetu ina njia nyingi za kutusaidia hapa. Sikiliza taarifa ya habari: gari liliacha njia, gari lilikosa mwelekeo, gari lilifeli breki. Gari ndilo linalotenda. Dereva yumo ndani kama abiria mwingine. Kisha tunaongeza kwamba ajali haina kinga, kwamba siku yake ilikuwa imefika. Nimesikia maneno hayo kwenye misiba, na pale yanafaa. Mfiwa anahitaji mahali pa kuegemea. Lakini siku ile hapakuwa na msiba, na nilijikuta nayatumia yaleyale kwa upande wa pili: Mungu alitusaidia. Yaani, hata tulipopona, hatukuwa sisi tuliofanya jambo.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, walijadiliana kuhusu kile walichokiita bahati katika maadili. Nagel anatoa mfano wa mlevi ambaye gari lake linapanda njia ya waenda kwa miguu. Kama hapakuwa na mtu, ana bahati. Kama walikuwepo, ni muuaji. Alichofanya yeye ni kilekile. Tofauti imeletwa na watu wengine waliokuwa wakipita au hawakupita. Niliposoma mfano huo chuoni niliuona kama fumbo la mtihani. Sasa nausoma na kuziona kuni zikianguka.

Jibu langu kwa mdogo wangu ni kwamba kona ile ilipofunguka, sisi tulikuwa tumeshamaliza kuamua. Tuliamua tangu sekunde ya 12. Kilichobaki, kwamba bibi alikuwa hatua moja pembeni badala ya katikati, kwamba Fuso ya makaa ya mawe haikuwa inapanda, hakikutoka kwetu hata kidogo. Hata hivyo siwezi kusema kwamba ni sawasawa. Kama yule mtoto angekufa nisingekuwa naandika makala. Ningekuwa nimepiga magoti kwenye uwanja wa nyumba ya mtu, na nisingeinuka. Sheria nayo ingetuona tofauti. Kwa hiyo nina mawazo mawili yasiyopatana: tulifanya kosa lote, na hatudaiwi lote. Nimejaribu kuyapatanisha kwa wiki kadhaa. Sijaweza.

Utetezi wake wa pili ni mzuri zaidi, nao ni kipaji. "Mwingine angewagonga," alisema. Huenda. Alilihamisha gari kwa mkono mmoja na mguu uliojua la kufanya, na mwili wangu ulihisi jinsi lilivyolala na kuinuka bila kuyumba. Kulikuwa na uzuri pale, ndiyo maana niliomba aongeze. Sipendi makala zinazojifanya kwamba mambo mabaya hayana ladha.

Lakini fikiria mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari ya Kijapani yalijipatia heshima Afrika Mashariki kwenye vumbi lile. Datsun 240Z, gari la michezo hasa, lilishinda 1971 na tena 1973. Safari haikufunga barabara. Watu na ng'ombe waliendelea na shughuli zao. Baadaye timu kubwa zikaanza kurusha helikopta juu ya magari yao, mtu wa angani akimwambia dereva kwa redio kilichopo mbele. Nilimkumbusha mdogo wangu hilo, kwa kuwa ndiye aliyewahi kunisimulia. Madereva bora duniani, waliolipwa kwa kazi hiyo, walihitaji jicho la mtu mwingine. Sisi tulikuwa na honi, na hatukuipiga. Alinyamaza kidogo, akasema helikopta ni ya matajiri.

Mimi ninarudi zaidi kwenye kiti cha kushoto. Paul Walker, aliyependwa kwenye mabanda yetu kuliko wengi, alikufa tarehe 30 Novemba 2013 ndani ya Porsche iliyokuwa inakwenda kasi. Watu husahau kwamba siku hiyo hakuwa akiendesha. Alikuwa abiria. Simlaumu marehemu, najilaumu mimi niliyedhani abiria ni mtazamaji. Hadithi zote hizo, zile za usiku mlimani na zile za Los Angeles, zinawezekana kwa sababu kuna mtu ameshawaondoa watu barabarani. Kwenye Initial D ni usiku, wanakijiji wamelala. Kwenye filamu ni kazi ya waongozaji na polisi waliofunga mitaa. Kwetu kazi hiyo niliifanya mimi, baada ya tukio, kwa kidole gumba.

Mwezi uliopita nilipanda Coaster, nikamwomba konda anishushe karibu na ile kona. Nilisimama kwenye kibanda cha ndizi nikauliza kuhusu bibi mmoja na mjukuu wake. Wanawake wawili walitazamana. Mmoja akaniambia hapa wote wanabeba kuni, na wote wana wajukuu. Nikaeleza siku, saa, gari la rangi ya fedha lililokuja upande usio wake.

"Lipi sasa, dada?" akauliza. Hakuwa anakejeli. Akaanza kuyataja: la fedha la Jumapili, la bluu la yule wa samaki mwingine, Noah inayoleta walimu. Nikanunua ndizi za elfu mbili, nikakaa hadi Coaster ya kurudi ilipopita. Ile saa moja na nusu nilihesabu magari kumi na moja. Mawili tu yalipunguza mwendo.

Altezza imeuzwa, iko Songea. Haikuwa toba, mafuta yalimshinda, na buti ilikuwa ndogo kwa samaki. Amenunua Probox. Alinipigia akiwa na furaha: "Dada, kumbe hata hii inalala kwenye kona." Nilimwambia nina video ya sekunde 47 ambayo hajaiona. Akasema nimtumie kwa WhatsApp. Nikamwambia hapana, aje aitazame hapa kwangu, tukiwa tumekaa. Aliahidi kuja baada ya mavuno, na mavuno yameisha.