KHUTBA YA IJUMAA: TUWASINDIKIZE WATOTO WETU MPAKA WAHITIMU

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni zake Allah, aliyeijalia kalamu kuwa mlango wa elimu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu wa Kiwanja, najiusia nafsi yangu pamoja nanyi kumcha Allah. Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo halisemwi sana mimbarini, nalo linatupotezea mali na vijana kila mwaka.

Matokeo ya Exetat yakitoka, mji wetu unavuma. Watoto wanamwagiwa poda kichwani, akina mama wanapiga vigelegele, motari wanapiga honi barabarani mpaka Rutshuru. Alhamdulillahi, furaha ya mtoto kufaulu ni halali yetu. Lakini pita miaka mitatu au minne, kisha uulize: yule aliyemwagiwa poda yuko wapi? Utaambiwa yuko kwenye moto. Utaambiwa anauza uniti za simu Goma. Utaambiwa alifika mwaka wa pili akakosa minervali. Huyu ameolewa. Yule alimaliza kozi zote, ila TFC hakuiwasilisha, na sasa ni mwaka wa tano anaitwa finaliste. Na wengine, mnajua wenyewe walikokwenda, wala sina haja ya kupataja.

Kuanza tunakujua. Kinachotushinda ni kumaliza.

Angalieni neno letu wenyewe. Tunaposema mtu amehitimu, neno hilo tumelitoa katika khitma, kuifikisha Qur'ani mwisho. Babu zetu waliotufundisha dini huku bara hawakumwita mtoto msomi kwa sababu ameandikishwa chuoni, wala kwa sababu ameanza Juzuu Amma. Walingoja akhitimu, ndipo ubani ukafukizwa na wali ukapikwa. Sisi leo tumegeuza. Karamu tunaifanya mtoto akiingia iniversite, na akitoka bila cheti hatusemi kitu, tunaona haya.

Katika Surat an-Nahl, aya ya 92, Allah anatukataza tusiwe kama mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua vipande vipande. Aya hiyo inahusu viapo na ahadi. Lakini hebu fikiri: siku ulipouza mbuzi watano na kipande cha shamba ili mtoto aandikishwe, hukuwa umeweka ahadi? Na yeye alipochukua pesa yako hakuwa ameweka ahadi? Mwaka mmoja na nusu wa kusokota, halafu uzi unafumuliwa, na shamba halirudi.

Sasa tuseme ukweli kuhusu sababu. Wengi husema, mtoto huyu hana akili. Mimi ni mtu wa chuo cha Qur'ani, sikukaa katika oditori ya profesa yeyote, lakini watoto wanaoacha nimewafundisha mimi alifu na be. Akili wanazo. Aliyehifadhi Yasini akiwa na miaka minane hashindwi na kozi ya uhasibu.

Sababu ya kwanza ni pesa, na wala si pesa kukosekana kabisa, bali pesa kufika wakati usio wake. Mzazi hupiga hesabu ya kuandikisha na ya awamu ya kwanza ya minervali. Hahesabu silabi za kozi, hahesabu staji, hahesabu kuchapisha TFC na kuifunga, hahesabu nauli ya kutoka kwetu mpaka Goma, kilomita zaidi ya 70. Mavuno ya maharage yana mwezi wake, na mitihani ina mwezi wake, na miezi hiyo haikutani. Mtoto amesoma mwaka mzima, siku ya mtihani anasimamishwa mlangoni kwa sababu hajamaliza kulipa. Anakosa sesiyo ya kwanza, anangoja ya pili. Ya pili nayo ikimpita anarudilia mwaka, na mwaka wa kurudilia mzazi hakuuweka katika hesabu hata kidogo. Hapo ndipo wengi wanapoachia.

Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa bure, na watu wengi wakadhani mzigo umetua. Juu ya shule ya msingi mzigo uko palepale, mgongoni mwa mzazi.

Sababu ya pili ni mahali anapolala. Umempeleka kwa jamaa Ndosho au Majengo, ukasema amepata nyumba. Kule anachota maji, anashinda dukani kwa mjomba, na kitabu anakishika saa nne ya usiku kwa tochi ya simu. Simlaumu mjomba, maisha ya Goma ni magumu, na anamlisha. Lakini wewe mzazi, uliwahi kukaa na ndugu yako mkapatana: mtoto huyu atafanya kazi saa ngapi, na saa ngapi ni za masomo? Tunapatana juu ya mbuzi wa mahari, hatupatani juu ya hili.

Ya tatu ni lugha. Mtoto wa hapa anaongea Kinyabwisha au Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni na msikitini, halafu profesa anaingia na Kifaransa cha haraka. Muhula wa kwanza unapita bila yeye kushika kitu, na anaona haya kuuliza.

Kisha kuna vita. Vilifika tena mjini kwetu mwisho wa Oktoba 2022, vikafika Goma mwisho wa Januari 2025, na mabenki ya Goma yakafungwa mwaka huo. Mzazi aliyekuwa na kidogo benki hakuweza kukitoa. Wapo watoto waliokimbia bila diploma yao ya serikali, bila releve za alama, na huko walikofika wakaambiwa waanze upya. Kwa hiyo fanyeni jambo hili wiki hii: kila karatasi ya mtoto ipigwe picha, na picha ikae simu tatu, moja iwe ya jamaa aliye mbali na hapa. Ni kazi ya dakika kumi.

Na mabinti. Nitasema kifupi kwa sababu ni wazi. Mchumba akija kwa heri binti akiwa amebakiza mwaka mmoja, ndoa ni sunna na hatuizuii, lakini sharti la kumaliza masomo linaweza kuwekwa katika makubaliano, mwanamume akakubali mbele ya mashahidi, nayo ikawa ahadi juu yake. Walii anayenyamaza siku hiyo asije akalalamika baadaye.

Ndugu Waislamu, mji wa New York una vyuo vya miaka miwili vinavyopokea watoto wa watu wasio na kitu: wahamiaji, wazazi walioko kazini, waliotoka shule dhaifu. Marekani wanaviita vyuo vya jamii, na cha kwanza cha serikali kilianza Joliet mwaka 1901. Wanaoingia ni wengi sana, na wanaotoka na cheti ni wachache, kama kwetu. Mwaka 2007 iniversite ya jiji hilo, CUNY, ilianzisha mpango unaoitwa ASAP. Walimwambia mwanafunzi: wewe soma muda wote, usisome nusu nusu. Sisi tutafidia ada iliyobaki, tutakupa kadi ya nauli, tutakusaidia vitabu, na utakuwa na mshauri mmoja anayekujua kwa jina, ambaye lazima uonane naye. Kisha wakapima kwa haki: wanafunzi wa hali moja wakagawanywa kwa kura, hawa wakapata mpango, hawa wakaachwa na desturi ya zamani. Baada ya miaka mitatu, katika kila 100 waliopata mpango walihitimu 40. Wale wengine walihitimu 22. Vyuo vitatu vya jimbo la Ohio vikaiga, wakapata 35 dhidi ya 19. Na walipopiga hesabu kule New York, mpango ulikuwa ghali zaidi kwa kila mwanafunzi, lakini kwa kila cheti kilichopatikana ulikuwa rahisi zaidi, kwa sababu pesa haikumwagika njiani.

Najua, Kiwanja si New York. Huko hata basi lina saa yake. Lakini tazameni kilichowanyanyua wale watoto: nauli, kitabu, ada kufika kwa wakati, na mtu mzima mmoja wa kuuliza, mbona wiki hii hukuonekana? Hakuna kati ya hayo kilichohitaji mashine.

Na hilo la mwisho sisi tunalijua kuliko wao. Chuoni kwetu mtoto akikosa siku mbili, mwalimu anatuma wenzake wawili nyumbani kwao. Wanarudi na habari: anaumwa, au kaenda shamba, au kaficha ubao chini ya kitanda. Hakuna mtoto anayepotea chuoni bila kuulizwa. Iniversite yenye mamia ya watu katika oditori moja haina wa kumtuma. Mtoto anakosa wiki, anakosa mwezi, na wa kwanza kujua anakuwa mzazi, akiwa amechelewa.

Musa, amani iwe juu yake, alisafiri safari ndefu kutafuta elimu, habari zake ziko Surat al-Kahf. Naye ni Nabii, na bado subira ilimponyoka mara tatu mbele ya mwalimu wake. Iwapo hivyo, kijana wa miaka 20 aliye peke yake Goma, mwenye njaa, tutamdai subira bila kumpa msaada?

Tena tusidhani elimu hii ni ya dunia tu. Imam Ghazali, katika Ihya, alihesabu utabibu na hesabu kuwa faradhi kifaya, na akalalamikia miji ambayo watu wake wote wamejazana katika fiqhi na kumwacha tabibu awe mtu wa dini nyingine. Mwaka alioandika hayo ni zaidi ya miaka 900 iliyopita. Nendeni hospitali kuu ya Rutshuru, mhesabu wauguzi na wakunga waliotoka katika safu zetu hizi. Mtoto wa Kiislamu aliyeacha ISTM katika mwaka wa pili ni mkunga ambaye mke wako hatampata.

KHUTBA YA PILI

Enyi waja wa Allah, nitasema yanayotuhusu sisi wa msikiti huu.

Zaka. Mahindi na maharage yetu yananyweshwa na mvua, na yakifika nisabu zaka yake ni sehemu moja katika kumi. Mwanafunzi aliye fakiri ni fakiri kama mafakiri wengine, anapewa. Wanazuoni wa Shafi wamesema anayeshughulika na elimu ya dini hata asiweze kuchuma hupewa zaka, na wengi wa zama zetu wameingiza humo elimu ya manufaa kwa umma. Basi usitafute fakiri barabarani peke yake. Mtazame yule anayesimamishwa mlangoni siku ya mtihani.

Mkopo. Kina mama wetu wengi wako katika AVEC na MUSO, na wanajua kuweka akiba kuliko wanaume. Ila mkopo wenye nyongeza ni riba, nanyi mnajua hukumu yake. Tuwe na kisanduku cha qardh hasana: unachukua dola 60 mwezi wa mtihani, unarudisha dola 60 baada ya mavuno, bila senti juu yake. Familia 20 zikitoa dola 2 kwa mwezi, mwaka ni dola 480. Kwa harusi tunachanga zaidi ya hapo kwa wiki tatu, na sijaona aliyefilisika kwa sababu ya harusi ya jirani.

Hesabu ya mwisho kwanza. Mzazi, kabla hujauza shamba, keti na mtoto mwandike mambo yote mpaka siku ya kutetea TFC. Mfumo wa LMD, ulioanza na mwaka wa masomo 2021–2022, unadai kredi 180 kwa licence, 30 kwa kila semesta. Kredi aliyoipata inabaki yake. Mwulize kila semesta: umepata ngapi, zimebaki ngapi? Hata usiyejua Kifaransa, kutoa 180 unajua.

Walimu mliostaafu, chumba cha chuo kiko wazi baada ya Isha. Watakaoanza mwaka huu mnaweza kuwanoa Kifaransa miezi miwili kabla ya kwenda. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka 2008, mwaka ule wa Novemba ambayo hakuna wa Kiwanja anayehitaji kukumbushwa, amefika umri wa iniversite. Alizaliwa katika kukimbia. Tusimwache aachie njiani na hili.

Na ninyi finaliste mlioko hapa safuni, nawajua kwa sura. Mliobakiza TFC peke yake msiende nyumbani baada ya salamu.

Leo baada ya sala, mzee mmoja wa kila avenyu abaki. Katibu ana daftari: aandikiwe jina la kila kijana wa avenyu yake aliyeko masomoni, yuko institi gani, mwaka wa ngapi, anadaiwa nini, na namba ya simu ya anayeishi naye. Walioacha waandikwe pia, na sababu iandikwe kama ilivyo. Kila kijana atapewa mtu mzima mmoja wa kumpigia simu kila Ijumaa. Daftari litasomwa kwa wazee mwanzo wa kila mwezi.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.