Deni la Mulago

Mwaka 1957 tabibu mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell katika wodi ya watoto ya hospitali ya Mulago, Kampala, amtazame mtoto ambaye taya zake zilikuwa zimefura pande zote, juu na chini, kulia na kushoto, kwa namna ambayo hakupata kuiona wala kusomeshwa. Na haukupita muda mrefu, akiwa katika hospitali ya Jinja, akatupa macho dirishani akamwona mtoto wa pili mwenye uso uleule. Mtoto mmoja angaliweza kuhesabiwa kuwa ajabu ya peke yake. Wawili walikuwa suala. Burkitt alianza kupekua madaftari ya wagonjwa, akatambua kuwa uvimbe wa taya, wa figo na wa tumbo, ambao kila mmoja ulikuwa ukiitwa kwa jina lake, ulikuwa maradhi mamoja: saratani ya watoto ambayo hata leo hujulikana kwa jina la tabibu, si la wagonjwa.

Fedha alizoanzia kazi hiyo zingemchekesha mwandika maombi wa siku hizi. Ruzuku ya kwanza ilikuwa paundi 25, akazichapishia karatasi zenye picha na masuala, akazipeleka katika mahospitali ya Afrika; na mwaka 1961 alipofunga safari ya maili 10,000 hivi katika gari kuukuu la Ford, pamoja na matabibu Ted Williams na Cliff Nelson, kwenda kuuliza hospitali baada ya hospitali uvimbe ule waonekana wapi na wapi hauonekani, gharama yote haikufika paundi 700. Mwaka uohuo alitoa darasa katika hospitali ya Middlesex, London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, ambaye aliposikia kuwa maradhi haya hufuata joto na mvua alishikwa na dhana kwamba nyuma yake huenda kipo kirusi. Vipande vya uvimbe vikawa vikipelekwa London kwa ndege. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ikampa Epstein dola 45,000, akawaajiri kwazo Yvonne Barr na Bert Achong. Na siku moja ndege iliyochukua kipande cha mtoto wa Uganda ikazuiwa na ukungu, ikatua Manchester, hata chupa ilipomfikia Epstein maji yake yalikuwa yamekuwa na ukungu pia, kama kitu kilichooza. Mtu mwingine angaliyamwaga. Yeye aliyaweka chini ya hadubini akaona chembe zikielea, zi hai, na kutokana na chembe hizo kikatangazwa, mwaka 1964, kirusi cha kwanza kujulikana kuhusiana na saratani ya binadamu.

Upande wa tiba mambo yalikwenda vivyo hivyo. Uganda wakati huo haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakikufaa kitu kwa uvimbe ulioenea mwili mzima, basi Burkitt, kwa kukosa njia nyingine, alijaribu dawa mpya ambazo viwanda vilimpa bure, na baadhi ya watoto waliokuwa wakingojea mauti wakaonekana nyuso zao zikirudi katika sura zao kwa siku chache. Dunia ilikuwa haijazoea kusadiki kuwa saratani yaweza kuponywa kwa dawa peke yake, na ushahidi wa mapema wa jambo hilo ulitoka katika miili ya watoto wa Mulago na wenzao wa Nairobi. Hata hivi leo maabara za dunia hutumia chembe ziitwazo Daudi, zilizotoka mwaka 1967 katika uvimbe wa jicho wa kijana wa Kenya. Huzalishwa, hugandishwa, na huuzwa kwa bei iliyoandikwa.

Nimeyasimulia haya kwa urefu kwa sababu suala ninalotaka kulitafakari halionekani vizuri bila ya hayo. Kila mwaka watu wa hisani na mataasisi hutoa mali kwa ajili ya uchunguzi wa saratani ya watoto na kwa kuwasaidia wagonjwa, na sisi, kwa desturi yetu ya adabu, huliita tendo hilo fadhila, na mtendaji wake huitwa mfadhili. Je, ni fadhila kwa hakika, au ni kulipa deni?

Tofauti yake si ya maneno matupu. Fakihi yeyote atakuambia kuwa mtu akifariki, deni lake hulipwa katika tereka kabla ya wasia na kabla ya mirathi, na kwamba sadaka ya mtu anayewanyima wadai wake haki yao ina dosari hata ikiwa kubwa namna gani. Aghalabu atoaye sadaka huchagua ampe nani, kiasi gani, mpaka lini. Mdaiwa hana hiari hiyo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watoto na vijana 400,000 huugua saratani kila mwaka, na kwamba katika nchi tajiri hupona zaidi ya 80 katika kila 100, ilhali katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Na katika hao wasiopona wamo watoto wa palepale ilikotoka ilimu iliyowaponya wengine. Aliyekula shambani mwa mtu kwa kutojua, dhamana ya alichokula bado i juu yake.

Mwenye hoja atanipinga, na hoja yake ina uzito. Atasema: deni huzaliwa na mapatano, na mtoto yule wa Uganda hakukopesha kitu, wazazi wake walimleta atibiwe, na matabibu walimtibu kwa walichokuwa nacho. Nakubali, na insafu yanitaka nimtoe Burkitt katika lawama. Simtuhumu mtu wizi. Nasema tu kuwa faida ilipatikana, ikavuka bahari, ikawa mali ya wanadamu wote, na kila aliyefaidika nayo ameirithi pamoja na dhima yake. Atasema tena: waliodai wamekwisha kufa, sasa atalipwa nani? Kwa wafu wengine tungetafuta watoto wao. Hawa walikufa kabla ya kuzaa, kwa hiyo sioni mrithi aliye karibu nao kuliko yule aliyerithi maradhi yao, mtoto aliyelala leo katika wodi ileile kwa uvimbe uleule.

Tukikubali hivyo, ule ugomvi mkongwe kama mali iende kwa uchunguzi au kwa mgonjwa unapungua ukali. Nimeona maandiko ya miradi yenye fungu la mafriji ya damu, fungu la kompyuta, fungu la mikutano, na kwa mama wa mgonjwa hakuna hata shilingi ya nauli. Tuseme mama huyo ametoka Kibondo, na mwanawe ameandikiwa dawa za kemo Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Akamaliza mzunguko wa kwanza, uvimbe ukanywea, mtoto akaanza kucheza, na nyumbani wamebaki wengine watatu na shamba halijapaliliwa. Atarudi mara ya pili kwa nini, na kwa fedha za nani? Asiporudi, daftari humwandika kuwa ameacha matibabu, kana kwamba ameyachoka, na uvimbe hurudi ukiwa mkali kuliko kwanza. Naye mchunguzi hupata hasara yake, maana mtoto aliyetoweka hahesabiki katika waliopona wala katika waliokufa, na dawa haiwezi kupimwa kwa watu wasioonekana. Nauli ya mama, basi, ni sehemu ya uchunguzi kama ilivyo hadubini. Walio karibu na wagonjwa wamelijua hilo zamani. Shirika la Tumaini la Maisha, pale katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, halikuishia katika dawa, bali limeshughulika pia na malazi ya familia na masomo ya watoto.

Liko na jambo la namna ya kuomba, ambalo hunitia haya kila nilikumbukapo. Mwaka 1948, mjini Boston, tabibu Sidney Farber, aliyekuwa ameonyesha kuwa dawa yaweza kuirudisha nyuma saratani ya damu kwa watoto ingawa kwa muda tu, alihitaji mali, na marafiki zake wakamtafuta mtoto mmoja mgonjwa, wakambadili jina wakamwita Jimmy, wakamtoa redioni akiwa kitandani mwake, akazungumza na wachezaji wa besiboli aliowapenda. Wasikilizaji walichanga zaidi ya dola 200,000. Jina la kupanga lilimsitiri, na hilo lilikuwa jema. Watu wakadhani kwa miaka hamsini kuwa amekufa, mpaka mwaka 1998 alipojulikana kuwa yu hai, mtu mzima, dereva wa malori. Siwezi kuichukia hadithi hii, maana imejenga hospitali. Lakini waliomwiga Farber katika nchi zetu wamelisahau jina la kupanga, wakabaki na uso wa mtoto, na uso ule hutundikwa barabarani ukiwa umefura, mwenyewe akiwa bado hajajua kusoma kilichoandikwa chini yake. Tangu lini mwenye kudai akalazimishwa kulia ndipo alipwe?

Na muda. Ruzuku nyingi huishi miaka mitatu, ikizidi mitano, kisha husemwa kwa sauti ya kawaida kabisa kuwa mradi umekwisha. Watu wa pwani walikuwa na akili nyingine katika jambo hili: mwenye minazi aliliweka shamba wakfu, asili ikafungwa isiuzwe wala isirithiwe, na matunda yakaendelea kuwasha taa ya msikiti baada ya yeye kusahauliwa, na Sultani Qalawun wa Misri aliisimamisha kwa wakfu bimaristani yake, yaani hospitali, ya Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, ambamo masikini na mkwasi walitibiwa. Ugonjwa wa mtoto hauna habari ya mwisho wa mradi.

Kampala ililijua hilo kwa machungu. Mwaka 1967 Makerere na Wamarekani walifungua pale Mulago kituo cha kutibu uvimbe huu, na kazi yake ikawa na sifa hata mwaka 1972 Burkitt, na John Ziegler aliyekuwa mkuu wa kituo, wakawa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker. Mwaka uohuo, chini ya utawala wa Idi Amin, Ziegler aliondoka, na baada yake wenzake wa Kimarekani pamoja na misaada yao. Alibaki Charles Olweny, Mganda, na wauguzi, na madaftari, na wodi ambayo kila asubuhi ilikuwa na watoto.