Furaha ya Safari na Paa la Kanisa

Jumapili moja mwishoni mwa Mei, baada ya matangazo ya usharika, bibi mmoja mjane alitungoja mlangoni. Tulikuwa tumetangaza safari ya siku tatu kutoka Sumbawanga hadi maporomoko ya Kalambo, kisha Kasanga kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Tungelala kwenye mahema, na kila msafiri angechangia shilingi 85,000. Bibi alitusalimu kwa upole, akaangalia juu kwenye paa letu, ambalo upande mmoja bado ni turubai, akasema: "Baba Mchungaji, maji ya Kalambo yanaanguka tangu sijazaliwa. Kuna haraka gani ya kwenda kuyaona?"

Tulicheka, naye akacheka. Lakini swali lile tuliondoka nalo mlangoni, na tulikuwa nalo garini. Je, ni halali kwa Mkristo kutumia fedha na siku zake kwa kutazama tu, wakati nyumba ya Mungu haijaisha na jirani yake hana bati wala dawa?

Jibu la kwanza lililotujia ni lile la kawaida: mtu akipumzika hufanya kazi vizuri zaidi. Ni kweli, na kila mkulima wa Ufipa aliyemaliza kuvuna mahindi na ulezi anajua mwili unavyodai haki yake. Hata hivyo jibu hilo halitoshi, kwa sababu linalifanya pumziko kuwa mtumishi wa kazi. Ng'ombe wa plau naye hufunguliwa nira jioni ili kesho avute tena. Mungu alipumzika siku ya saba, wala hatusomi kwamba alikuwa amechoka. Aliitazama kazi yake akaona ni njema, na katika amri ya tatu akatualika tuingie katika kutazama huko.

Jibu la pili tulilitoa kwenye Yohana sura ya 12. Mariamu alipompaka Yesu marhamu ya thamani, aliyelalamika kwa ajili ya maskini alikuwa Yuda. Tulilifurahia jibu hili, maana lilitufanya sisi kuwa upande wa Mariamu. Lakini tulipokaa nalo vizuri tuliona aibu. Mariamu aliimwaga marhamu miguuni pa Bwana. Sisi tulikuwa tunajipaka wenyewe. Tena bibi yule hakuwa Yuda. Yeye hutoa sadaka yake kila Jumapili, na ahadi yake ya ujenzi ameimaliza kabla ya wengi wetu.

Kulikuwa pia na mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa na hofu ya namna nyingine. Wazee wa zamani, alisema, waliogopa maporomoko na misitu mikubwa kwa sababu ya mizimu. Je, hatuwarudishi vijana huko? Katika mji ambao wengi hulieleza jina lake kuwa ni wito wa kutupa uchawi, hofu hiyo si ya kudharau. Lakini tunapoikiri sehemu ya kwanza ya Imani tunasema kwamba Mungu ameumba vyote. Anayekiri hivyo hauabudu mto, wala haukimbii. Anaweza kusimama mbele yake bila kuuomba kitu na bila kuuogopa, akamshukuru aliyeufanya.

Basi tukaenda. Tulikodi Kosta, tukaazima mahema, tukabeba unga, maharage na blanketi nyingi, maana usiku wa kiangazi kwenye uwanda wa Ufipa una baridi ya kung'ata. Tulipita Matai, tukaingia barabara ya vumbi kuelekea Kapozwa. Mto Kalambo ni mpaka wetu na Zambia. Unatiririka taratibu kama mto mwingine wowote, kisha ardhi inakatika, na maji yanaanguka kwa mruko mmoja zaidi ya mita 200. Wanakwaya waliokuwa wakiimba tangu Sumbawanga walinyamaza. Hakuna aliyewaambia.

Juu kidogo ya maporomoko hayo, mtaalamu wa mambo ya kale J. Desmond Clark alianza kuchimba katika miaka ya 1950. Mwaka 2023 wataalamu wengine walitangaza kwamba wamepata hapo magogo mawili yaliyochongwa na kushikizwa pamoja kwa mkono, ambayo wanayakadiria kuwa na umri wa miaka 476,000 hivi. Hatuandiki haya ili kubishana juu ya miaka. Tunaandika kwa sababu yalitusaidia kulifikiria swali la bibi. Maji haya yalikuwa yakianguka kabla ya Mfipa wa kwanza kufua chuma, kabla ya mmisionari wa kwanza kupanda uwanda huu, kabla ya yeyote kulipa kiingilio. Yalianguka bila mtazamaji, na Mungu hakuona hasara. Katika Ayubu sura ya 38 Bwana anamuuliza Ayubu ni nani anayenyesha mvua katika nyika asikokaa mtu. Kwa mkulima mvua hiyo ni ya kupotea, lakini kwa Mungu si ya kupotea. Yeye hatoi tu kile kinachohitajika. Anatoa kwa wingi, na hata pasipo hesabu.

Pale ukingoni tuliamini kwamba tumelipata jibu. Furaha si wizi. Anayesimama mbele ya kazi ya Mungu na kufurahi hajamwibia maskini, kwa kuwa uzuri huo hauuzwi wala haupungui ukitazamwa. Kama safari ingeishia Kalambo, makala hii nayo ingeishia hapa.

Siku ya pili tuliteremka Kasanga. Mji huo mdogo Wajerumani waliuita Bismarckburg, na ndipo ilipokuwa ikitia nanga meli ya Liemba, iliyozamishwa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, ikainuliwa kutoka chini ya maji mwaka 1924 na kurudishwa kazini. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470 panapozidi, na linagusa nchi nne. Tulisimika mahema mchangani. Familia moja ya wavuvi ilituuzia migebuka kwa bei nzuri, kisha mama wa nyumba ile akatuuliza tumefuata nini. Tukamwambia tumekuja kuona ziwa. Akacheka sana: "Kwani kwenu hamna maji?"

Usiku haukuwa na mwezi, na usiku wa namna hiyo ndio wa dagaa. Mitumbwi ilitoka na taa zake, na baada ya saa moja ziwa lote mbele yetu lilikuwa limejaa mianga, kana kwamba nyota zimeshuka kuogelea. Vijana walipiga picha. Mmoja wetu alianzisha tenzi ya jioni. Mama yule alikuwa amekaa karibu nasi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mtoto mgongoni, naye alikuwa akiangalia ziwa kama sisi. Tulimwambia kwa furaha kwamba anaishi mahali pazuri. Akaitikia, kisha akasema kwamba jioni zimetoka taa kumi na saba, na sasa anaona kumi na sita, na moja katika hizo ni ya baba watoto.

Hatukuimba tena. Sisi tulikuwa tunazitazama taa; yeye alikuwa anazihesabu. Tuliomba pamoja naye, tukakaa. Upepo ulikuwa umeongezeka. Karibu saa nane taa ya kumi na saba ilionekana kutokea nyuma ya rasi. Mama alisimama, akatuaga kwa heshima, akaenda kulala, maana alfajiri angeanika dagaa.

Tulibaki macho, na hapo tulikumbuka kwamba katika Marko sura ya 6 Bwana Yesu naye aliwaita wanafunzi wake kando ya ziwa wapumzike. Aliwapa pumziko, halikuwa jambo la kuonea haya. Lakini walipokuta umati umewatangulia ufukoni, hakuwafukuza ili mapumziko yake yasiharibike. Aliwahurumia. Ilituonekea kwamba kosa la msafiri si kufurahi. Kosa ni kufurahia mahali kana kwamba hapana watu, au kana kwamba watu wake ni sehemu ya mandhari.

Kisha tukaikumbuka Sikukuu ya Vibanda. Mungu aliwaamuru Waisraeli waache nyumba zao wakalale vibandani siku saba kila mwaka baada ya mavuno, na aliwaamuru wafurahi. Huenda hakuna amri katika Torati iliyo karibu zaidi na mahema yetu ya Kasanga. Lakini Kumbukumbu la Torati sura ya 16 inataja ni nani wa kufurahi: wewe na watoto wako, mtumwa na mjakazi wako, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mjane ametajwa kabisa. Sisi tulikuwa tumepanga bei ya shilingi 85,000, na wasioweza kuilipa tukawahesabu kuwa hawakupenda kuja.

Tuliporudi tulimtembelea bibi yule. Tulimpelekea dagaa, tukamweleza yote, na tukamwomba radhi. Tulimuuliza kama amewahi kufika Kalambo. Akasema ameishi Ufipa miaka yake yote sabini na kitu, na maporomoko hayo amekuwa akiyasikia tu. Halafu akasema, bila uchungu, "Nilidhani mtanikaribisha, ndiyo maana nikauliza."

Mwaka uliofuata baraza la wazee lilipanga safari fupi zaidi, kuteremka Lyamba lya Mfipa hadi Muze katika bonde la Ziwa Rukwa. Kila wasafiri wanne walimbeba mmoja asiye na nauli, na jina lake halikutangazwa. Bibi alikaa kiti cha mbele, akasahihisha nyimbo zetu njia nzima. Si wote waliokubali. Mtunza hazina wetu bado anaamini fedha ile ingenunua mabati, na hatuwezi kumwambia kwamba hesabu yake ni mbaya. Turubai bado lipo, na masika yakija tunasogeza mabenchi upande mmoja.

Kwa hiyo hatuandiki kwamba swali limekwisha. Tunaloweza kusema ni kwamba Mungu hakutuuliza kwa nini tulifurahi. Alituuliza tulikuwa na nani. Nawe msomaji, utakapofunga mzigo wako kwenda kuona maji, mlima au mji mgeni, usiende kwa hofu. Pitia kwanza kwa jirani yako, umwambie unakokwenda.