Mwano Ukivuka Ziwa

Katika vijiji vya Usukuma, mwano ukilia usiku hakuna anayeuliza kwanza umepigwa na ukoo gani. Mwano ni yowe la kuita watu, na sharti lake hata mtoto analijua: ukilisikia, toka. Iwe ng'ombe wameibwa, iwe fisi ameingia zizini, iwe mtu katumbukia kisimani, mwenye miguu hukimbia na mwenye sauti hulipokea yowe na kulipeleka kijiji cha pili. Anayebaki kitandani ataulizwa kukicha. Akikosa jibu hutozwa faini. Akifanya mazoea hutengwa: haombi moto akapewa, hasalimiwi kisimani, na siku akifiwa ataona mwenyewe jinsi kaburi lilivyo refu kulichimba peke yako.

Sungusungu, walinzi wa jadi waliochipuka upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 walisimama juu ya desturi hiyo hiyo, wakaenea hadi Bariadi, Maswa na Meatu, wilaya ambazo mwaka 2012 ziliingia katika mkoa mpya wa Simiyu. Kwa sensa ya 2022 mkoa huo ulikuwa na watu 2,140,497, na wengi wao bado wanaujua mwano kwa sikio, si kwa kuhadithiwa.

Swali ni hili: yowe hilo linaishia wapi? Linamfunga aliyelisikia kwa masikio yake tu, au hata aliyelisikia redioni?

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ilitikisika mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa kwa mtu anayesimama Lamadi, wilayani Busega, Simiyu. Tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 5.9, kitovu chake upande wa Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda. Watu 17 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka kabisa, na maelfu nyingine zikabaki na nyufa za kupitisha mkono. Shule ya Ihungo, iliyo kilimani juu ya mji wa Bukoba, ilifungwa. Nyakato nayo ikafungwa. Zilikuwa zimebaki siku chache tu kufika Idd el-Haj, sikukuu ya kuchinja na kugawa. Familia nyingi zililala nje, wengine chini ya migomba, kwa kuwa ukuta uliopasuka hauaminiki na ardhi iliyotikisika mara moja hutikisika tena.

Aliyefika kwanza alikuwa jirani. Ndivyo ilivyo katika kila tetemeko duniani: anayetolewa kifusini akiwa hai hutolewa, mara nyingi, na watu wa mtaa wake, kwa mikono na majembe, kabla gari lolote lenye bendera halijaonekana. Septemba 8, 2023, tetemeko la 6.8 lilipoipiga milima ya Atlas huko Morocco na kuua karibu watu 3,000, mawe yaliziba barabara za vijiji vya juu, na misaada ikapandishwa kwa punda. Wenyeji wa milima ile wana neno lao, twiza, kazi ya pamoja isiyo na ujira, na waliianza kabla serikali yao haijaamua ni nchi zipi za nje ziruhusiwe kuleta waokoaji. Bukoba yenyewe iliona jambo la namna hiyo Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani ikiwa na watu 43. Wavuvi waliisogelea kwa mitumbwi yao. Waliokoka walikuwa 24. Hakuna mvuvi aliyekuwa na mkataba wa kuokoa abiria, na hakuna aliyekaa kutafakari kama jambo lile lilimhusu.

Hapo falsafa haina kazi kubwa. Kazi yake huanza wiki ya pili, pale vumbi linapotulia na watu wanapoanza kuulizana nani anadaiwa nini.

Januari 2017 Rais John Magufuli alifika Bukoba na kuwaambia wananchi, kwa ule ukali wake uliozoeleka, kwamba serikali haikulileta tetemeko, na kwamba haitaweza kumjengea kila mtu nyumba. Watu wafanye kazi, wajijengee. Fedha za misaada zilielekezwa zaidi kwenye taasisi za umma, yaani shule, vituo vya afya na barabara. Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza, na majengo yake mapya ni mazuri kwa yeyote anayeyatazama. Waliochanga wakidhani wananunua bati la bibi fulani wa Missenyi walinung'unika. Wengine walimpigia Rais makofi.

Kauli ile inastahili kupimwa, si kutukanwa wala kushangiliwa. Nusu yake ya kwanza ni kweli tupu. Serikali haikulileta tetemeko. Ingawa hata hapo mwanafalsafa Rousseau angetia neno: mwaka 1756, baada ya mji wa Lisbon kubomoka siku ya Watakatifu Wote, alimwandikia Voltaire kwamba si maumbile yaliyorundika pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita na saba. Ardhi hutikisika, kinachoua ni ukuta. Kagera kuta nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali yasiyo na nondo wala mkanda wa zege, na suala la nani alipaswa kumfundisha fundi wa kijijini kufunga mkanda si la Mungu peke yake.

Kosa liko kwenye nusu ya pili, pale neno "kwa hiyo" linapoingia. Sikulileta, kwa hiyo sidaiwi. Nani alisema deni la msaada hutoka kwa aliyesababisha? Mwizi anadaiwa fidia. Hilo ni deni la aina nyingine. Katika mfano wa Msamaria, msafiri alipigwa na wanyang'anyi, na Msamaria hakuwa mmoja wao. Kuhani na Mlawi pia hawakuwa. Wote watatu walikuwa na hoja ile ile ya Januari 2017, na wawili waliitumia. Aliyeulizwa "jirani yangu ni nani" aliligeuza swali: akamtaka mwenye kuuliza aseme ni nani aliyekuwa jirani. Ujirani ukaacha kuwa habari ya mipaka ya viwanja, ukawa kitendo.

Mwano nao hauulizi chanzo. Anayekimbilia zizi la mwenzake hajamtuma fisi.

Lakini wapo wanaokimbia upande wa pili, wa kutafuta dhambi. Kila maafa yana wahubiri wake wa kueleza ni uovu gani wa wenyeji uliomkasirisha Mungu. Injili ya Luka inawajibu kwa mnara wa Siloamu, uliowaangukia watu 18: je, walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu? Jibu ni hapana. Na rafiki zake Ayubu ni somo zuri kuliko vitabu vingi vya mafunzo ya wajitoleaji. Siku saba mchana na usiku walikaa naye chini mavumbini bila kutamka neno, na kwa siku hizo saba walikuwa marafiki kweli. Baada ya hapo walifungua midomo kueleza sababu. Kilichobaki cha kitabu kile, kwa sehemu kubwa, ni maumivu waliyomwongezea.

Sasa turudi Bariadi, kwa kuwa jambo la kujitolea huko lina sura ambayo miji imeisahau. Neno lenyewe la Kiswahili, kujitolea, linataka mtu ajitoe yeye, si kitu chake. Wasukuma wana bugobogobo, ngoma ya majembe: kundi la wakulima huenda shamba hadi shamba, ngoma ikipigwa mbele, majembe yakirushwa juu na kudakwa kabla ya kuzama ardhini kwa pamoja. Anayetazama kutoka barabarani hudhani ni burudani. Ni kazi. Ekari inayomshinda mjane kwa wiki mbili huisha kabla jua halijawa kali. Mwenye shamba hupika ugali, huandaa michembe na karanga, na akijaliwa huchinja. Msimu ukigeuka, naye jembe lake litaonekana kwenye shamba la mwingine.

Mtu mkali atasema basi hiyo si hisani, ni mkopo. Naam, ni mkopo. Marcel Mauss, Mfaransa, aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi isiyodai marejesho ni nadra mno katika jamii za wanadamu, na Wasukuma wangemwambia amechelewa. Ila mkopo huo una adabu ambayo hisani mara nyingi haina. Anayekuja na jembe halimi anapopenda. Anaonyeshwa. Mwenye shamba ndiye anayesema mstari uanzie wapi, na hata kama ni fukara wa mwisho kijijini, siku hiyo yeye ndiye mwenyeji na kundi zima ni wageni wake. Linganisha na mjitoleaji anayeteremka kwenye gari akiwa na mpango uliokwisha chapwa, kilo mbili za mchele, na kamera ya kupigia picha nne. Qurani, katika Sura ya Ng'ombe, inaonya kwamba masimbulizi na maudhi huibatilisha sadaka. Haisemi huipunguza, inasema huibatilisha. Mchele uliliwa, lakini sadaka haipo.

Na kuna swali la nia ya aliyetoa. Wanazuoni wa fikihi wameshikilia kwa karne nyingi kwamba sharti la mwenye wakfu huheshimiwa: aliyeweka kisima kwa ajili ya wasafiri, kisigeuzwe lambo la mifugo ya liwali. Kwa kipimo hicho, aliyechangia walioangukiwa na nyumba alikuwa na haki ya kuulizwa kabla fedha haijawa darasa, hata kama darasa lina faida zaidi. Si kwamba darasa ni baya. Ila anayebadili sadaka ya mwenzake bila kumwambia anajifanya mtoaji kwa mali isiyo yake. Hali ilizidi kuwa mbaya kwa kuwa mwezi ule ule wa tetemeko baadhi ya viongozi mkoani Kagera waliondolewa kazini kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na ile ya kamati ya maafa. Mchangaji akishtuka mara moja, yowe la pili humkuta amelala.

Vipi basi kuhusu lazima? Simiyu, kama mikoa mingine, imejengwa kwa nguvu za wananchi: kijiji husomba mawe, mchanga na maji, huinua boma la darasa hadi kwenye lenta, kisha husubiri serikali ipaue. Asiyefika hutozwa. Wakosoaji husema kazi yenye faini haiwezi kuitwa ya kujitolea, kwa kuwa thamani ya tendo ni nia. Hoja ina uzito, lakini inasahau kwamba wema pia huzoeshwa. Mtoto wa Itilima aliyebeba mawe kwa kuogopa mtendaji, akiwa mtu mzima huenda akayabeba kwa sababu mgongo wake umezoea. Kinachoudhi ni kitu kingine, nacho ni lugha. Kijana wa Bariadi akibeba mawe ya zahanati, taarifa ya halmashauri huandika "nguvu za wananchi" na kuzitia thamani kwa shilingi. Kijana wa Ulaya akibeba mawe yale yale kwa wiki tatu, anaitwa mjitoleaji na kuagwa kwa hotuba. Jiwe halijui tofauti hiyo.

Fikihi ya Kiislamu ina chombo kinachofaa zaidi kuliko ugomvi wa hiari na lazima. Fardhi kifaya ni wajibu ulio juu ya jamii nzima: wakitosha waliousimamia, wengine wamesamehewa; asipousimamia yeyote, wote wamebeba dhambi. Kumzika maiti ni hivyo, na kumwokoa anayezama ni hivyo. Na pale mtu anapojikuta peke yake ukingoni, wajibu ule wa wote humgeukia yeye mmoja. Kwa kipimo hiki mvuvi wa Bukoba asubuhi ile ya Novemba hakuwa shujaa wa hiari, alikuwa ameangukiwa na fardhi ya wote. Na mtu wa Bariadi, mamia ya kilomita kutoka Missenyi, yuko huru kubaki shambani kwake kwa sharti moja tu, kwamba walioko kule wametosha. Hawezi kujua kama wametosha bila kuuliza. Kwa hiyo kuuliza, angalau, kunamlazimu kila mtu.

Isidhaniwe kwamba mwano ni mtakatifu. Usukuma huu huu umewahi kuua vikongwe waliodhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, na waliotekeleza hawakuwa wageni. Watu waliozoea kutoka pamoja wanaweza kutoka pamoja kwa ubaya. Ndiyo maana kukimbia hakutoshi. Lazima mtu atazame alikofika na amsikilize aliyepiga yowe.

Wala Simiyu haiko mbali na hatari kiasi cha kutoa mawaidha. Meatu inapakana na bonde la Ziwa Eyasi, tawi la Bonde la Ufa. Na Desemba 3, 2023, Mlima Hanang mkoani Manyara ulishusha tope na mawe juu ya Katesh na vijiji vyake, watu 89 wakafa. Safari hii serikali iliwajengea waathirika nyumba, zaidi ya 100, huko Waret. Hesabu ya nyumba ilikuwa ndogo mno kuliko ya Kagera, hilo likumbukwe kabla ya kumsifu huyu na kumlaumu yule. Hata hivyo serikali haikuuleta mlima ule pia, na nyumba zilijengwa.

Kwa hiyo msomaji wa Bariadi, yowe likija tena kutoka ng'ambo ya maji, piga simu kwanza uulize kama wametosha. Ukiambiwa bado, nenda na jembe lako, chakula chako na turubai lako la kulalia, na ukifika umwulize mwenye nyumba mstari uanzie wapi.