Picha za Kale na Haki ya Aliyeziuza

Tumeletewa suala na kijana mmoja wa Kaloleni, hapa Nairobi, nasi twaona lafaa kujibiwa hadharani kwa kuwa jambo lenyewe limeenea. Kijana huyu hukusanya picha za kale za chapa, huzitia fremu mpya akapamba ukuta wake, na zizidipo huwauzia watu wa mitaa ya matajiri. Auliza: je, yafaa Mwislamu kutundika picha nyumbani, na je, pato la picha hizo ni halali? Kisha, katika mstari mmoja tu, kama mtu atajaye hali ya mvua, aeleza kwamba picha mbili za Makka na Madina alizinunua kwa bibi mzee wa Majengo, Pumwani, kwa shilingi 600 zote mbili. Alimwambia kuwa ni kuukuu, na kwamba atakacho yeye ni zile fremu. Moja amekwisha iuza kwa shilingi 9,000.

Suala aliloliuliza tutalijibu upesi, maana limesemwa mara nyingi. Picha za miti, bahari, majumba na misikiti hazina neno. Ibn Abbas alimwelekeza mchoraji aliyekuwa akila kwa kazi hiyo ashike miti na kila kisicho na roho. Khitilafu imo katika picha za wenye roho. Mafakihi wetu wa Kishafii huzikataza zitundikwapo juu kwa kutukuzwa, na huzisamehe ziwapo mahali pa kukaliwa au kukanyagwa, kwa ajili ya ile khabari mashuhuri ya pazia la Bibi Aisha lililokatwa likafanywa mito. Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, mwanzoni mwa karne ya 20, aliona kuwa pasipo na khofu ya kuabudiwa, picha ni njia ya kuhifadhi elimu. Na Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii aliandika risala ya kujuzisha picha za kamera. Afuataye ukali asimtukane afuataye wepesi. Lakini ile picha ya Buraq mwenye uso wa mwanamke na taji kichwani, iliyopamba vyumba vingi vya watu wetu, haina asili. Khabari sahihi zamtaja mnyama mweupe, mdogo kuliko nyumbu na mkubwa kuliko punda, basi. Kuitundika kwa kutaka baraka ni ujinga juu ya ujinga.

Sasa twaja kwenye ule mstari mmoja.

Huenda wasomaji wetu wa pwani wakastaajabu kusikia kuwa karatasi zilizokuwa zikififia vyumbani mwa bibi zao zina thamani. Na wajue. Mwishoni mwa karne ya 18, Mjerumani Alois Senefelder aligundua namna ya kupiga chapa kwa jiwe: picha huchorwa kwa wino wa mafuta juu ya jiwe, jiwe likatiwa maji, kisha wino hushika palipochorwa na hukataa penye maji. Baadaye zikaja za rangi, kila rangi na jiwe lake. Kwa kazi hiyo picha ziliingia katika nyumba za watu wasio na mali, na viwanda vya Misri na vya Bara Hindi vikatoa picha za Haram mbili. Kabla ya hapo wazungu walichonga sahani za shaba: Mombasa na Kilwa zimo katika kitabu cha miji cha Braun na Hogenberg kilichotolewa Cologne mwaka 1572. Karatasi za namna hii leo hutafutwa kote duniani, hata wako wachuuzi wavunjao kitabu kizima ili wauze kurasa zake moja moja, jambo ambalo sisi twaliona ni sawa na kuchinja ng'ombe kwa ajili ya pembe.

Mjuzi huzipambanua kwa kioo cha kukuzia. Picha ya mashine za siku hizi huonyesha vitone vilivyojipanga safu. Ile ya jiwe haina safu hizo. Ile ya shaba huacha alama ya kingo za sahani iliyodidimia katika karatasi. Kijana wetu ayajua yote haya. Alipiga hodi kwa bibi yule na kioo chake mfukoni, na bibi hakuwa nacho.

Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, na wengi waliojenga na kumiliki nyumba za Majengo walikuwa wanawake wa Kiislamu, waliozipata kwa kudunduliza senti. Kwa watu wa namna hiyo safari ya Hija ilikuwa mbali kuliko mwezi. Picha ya Al-Kaaba ukutani ndiyo waliyoifikia. Auzaye kitu hicho uzeeni hauzi kwa sababu amekichoka.

Je, biashara ile imesihi? Kwa madhhab yetu, kupunjika peke yake hakuvunji biashara. Imam Nawawi ataja mtu anunuaye kigae cha kioo akidhani ni johari: hana khiyari ya kurudisha, kwa kuwa yeye ndiye asiyeuliza. Mwenye kutaka kujificha nyuma ya mas'ala haya atapata pa kujificha. Lakini yako mas'ala mengine. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuilaki misafara njiani na kununua bidhaa zao kabla hawajafika mjini wakajua bei, na akampa muuzaji khiyari afikapo sokoni. Sisi twaona kuwa bibi aketiye chumbani mwake Majengo, ambaye soko la picha hizi hajapata hata kulisikia, yu njiani bado. Na Jarir bin Abdallah, mtumishi wake alipomnunulia farasi kwa dirham 300, alimwendea mwenye farasi akamwambia mnyama wako ni bora kuliko hivyo, akawa anampandishia hata 800, kwa sababu alikuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu.

Kijana atasema: elimu yangu ndiyo rasilmali yangu, nimeitafuta kwa taabu, je, niwe mwalimu wa kila auzaye? Neno hili lina uzito wala hatulidharau. Elimu ina ujira, na mwenye kutembea jua kali Gikomba akifukua marundo ana haki ya faida, hata kubwa. Hatumlazimishi daraja ya Jarir. Lau angenyamaza tu, tungemwambia kuwa amekosa ihsani. Lakini hakunyamaza. Alisema atakacho ni fremu, na hakuitaka fremu. Huo ni uongo uliotumiwa kushusha bei, na uongo katika biashara ni haramu bila khitilafu, iwe picha ni ya msikiti au ya simba.

Basi jawabu letu ni hili. Picha iliyobaki airudishe kwa bibi na amweleze bei yake. Akipenda kumwuzia tena, amwuzie akiwa ajua. Ile iliyokwisha kwenda haipatikani; katika zile 9,000 ajitolee gharama zake na ujira wa haki, na kilichosalia ampelekee kwa mkono wake, si kwa simu, ili apate kumwomba radhi ana kwa ana. Na akimkuta bibi amekwisha fariki, fedha hizo ni za warithi wake. Asizipeleke msikitini wala asituletee sisi.