Kiwanja cha Marehemu na Nyumba ya Walio Hai

Haifichiki kwa mwenye kupita katika mashamba yetu ya pwani ya Kenya kwamba viwanja vingi vingali na jina la mtu aliyekwisha fariki. Babu alipata hati kwa ile Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Akafa, wanawe wakafa, na wajukuu hata leo hawajagawanya. Kisha twaulizana mbona nyumba ni za udongo na makuti, na jawabu huwa kwamba mawe na saruji ni ghali. Ni ghali kweli. Lakini nani atatia jiwe katika ardhi asiyojua fungu lake li wapi?

Natupige hesabu. Mtu amekufa, ameacha eka moja, mke, wana waume watatu na binti wawili. Katika mafungu 64 mke apata 8, kila mwana 14, kila binti 7. Kabla ya kugawanywa akafa mwana mmoja, naye akaacha mamaye, mke, wana waume wawili na binti. Binti huyu apata, katika eka ile, mafungu 119 kwa 3,840, yaani kadiri ya mita 125 za mraba. Zatosha nyumba ndogo na ua. Ila hazina mahali: zimeenea eka nzima, chini ya kila mnazi. Hawezi kuziweka rahani, wala fundi hana pa kupigia kamba ya msingi.

Wako wasemao kwamba mirathi ndiyo ikatayo ardhi vipande. Hao wameona nusu. Sheria iliyotaja mafungu imeweka na njia za kuyakusanya: mshirika akimwuzia mtu wa nje, mwenziwe ana shufaa, warithi waweza kupatana mmoja atwae ardhi na wengine fedha, na ardhi ikigawanyika pasipo madhara, atakaye kugawanya husikizwa hata mwenziwe akikataa.

Basi yule asiyeuza, asiyegawa wala asiyejenga, je, ana haki? Fungu lake ni milki yake. Lakini halikumpa milki ya mafungu ya wenziwe, naye kwa kuzuia huwafanya wapangaji katika mali yao wenyewe. Mbaya zaidi ni ndugu aliyejijengea pote akasema dada zake wameshaolewa. Hiyo ni ghasbu, ijapokuwa mawe aliyanunua kwa jasho lake. (Na wenye nyumba hizo hawakosi safu ya kwanza msikitini.)

Gharama ya mpima ardhi leo ni ya kugawana watu kumi. Kizazi kijacho warithi watakuwa hamsini, wengine Maskati, wengine Uingereza, na sahihi ya kila mmoja itatakiwa. Aliye mbali na ampe nduguye uwakala wa maandishi, na fungu la yatima liandikwe mbele ya Kadhi kabla msingi haujachimbwa.