Ubao Mbichi Katika Mashindano

 

Swali la juma hili limeletwa na kijana mmoja wa upande wa Kabambare, ambaye hajatimiza mwaka katika useremala. Wanafunzi wa mafundi wamewekewa mashindano ya kuchonga marfaa, na zawadi ni randa na msumeno. Asiye na chombo chake anajua uzito wa zawadi hiyo: kila asubuhi huanza kwa kuazima. Zimebaki siku nne, na ubao wake wa mvule ni mbichi. Anauliza: nikiukausha kwa moto, nikapaka rangi, nimekosa nini? Siuzi kitu, hakuna mnunuzi wa kudanganywa.

Tuanze na mbio zenyewe, maana wako wazee watakaomkaripia kwa kushindana tu. Kushindana si haramu. Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha watu kwa farasi: waliotayarishwa kwa mbio walitoka Hafya mpaka Thaniyatul Wadaa, kama maili tano au sita, wasiotayarishwa walitoka Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, kama maili moja. Angalieni vizuri: anayeanza hakupewa njia ya mkongwe. Zawadi ikitoka kwa mtu wa nje, haina neno. Washindani wote wakichanga pesa ili mmoja azizoe, hiyo ni kamari.

Sasa ubao. Marfaa hukatwa katika ubao mmoja; mabawa mawili hushikana katikati kwa meno yaliyochongwa humo humo, bila bawaba wala msumari. Mti mbichi ukikauka hunywea, zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, tena hupinda. Moto wa haraka hukausha ngozi ya nje, maji yakabaki ndani, ndipo mti unapasuka. Baada ya muda meno yatakaza au kuvunjika. Lakini siku ya waamuzi, marfaa yatafunguka na kufungwa vizuri kabisa!

Mtume alipita penye rundo la nafaka, akatia mkono, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu watu waione, na Mtume akamtoa mdanganyifu katika watu wake. Mvua haikuwa kosa la yule mtu. Kosa lilikuwa kuweka kikavu juu. Rangi ya kijana wetu ndiyo nafaka kavu.

Na hoja kwamba hakuna mnunuzi? Mimi siikubali. Mwamuzi ananunua kwa macho, analipa randa. Na anayepata hasara ni mwenzake aliyeuacha ubao wake kivulini tangu kiangazi, akangoja. Yeye ndiye atakayerudi kuazima.

Basi achonge usiku na mchana, sala zisimpite, aupeleke bila rangi na awaambie waamuzi kwamba mti ni mbichi. Huenda akakosa zawadi. Ila mwenye macho ataona mkono uliochonga meno yale katika mwaka wa kwanza.

Wanaoandaa nao wasikie. Kwetu ukame ni Juni mpaka Agosti. Anayetangaza mashindano ya mbao katikati ya mvua, akatoa majuma mawili, amewapa watoto mtihani wa kuficha maji. Watangaze Mei, waamue Septemba, na wanaoanza wawe na safu yao peke yao.